Muhtasi na Toleo Bichi

Dada yangu anachapa haraka kuliko mtu yeyote mwenye macho ninayemfahamu, na nasema hivi nikiwa mtu mwenye macho tena mwenye wivu. Vidole vyake vilifundishwa kazi kwenye taipureta, zile nzito za chuma, na mwalimu wao wa uhazili chuoni alikuwa akiwafunika mikono kwa kitambaa ili wasichungulie herufi. Alikuwa katibu muhtasi katika ofisi moja ya ghorofani. Watu wa mtaani wakakikata cheo chake, wakabaki na nusu, wakamwita Muhtasi. Hata leo mtu akiingia dukani kwetu hasemi habari zenu. Anauliza, Muhtasi yupo?

Presha ya macho ilimwibia polepole, kwanza pembeni, mwishowe katikati. Ofisi ikamuaga kwa hotuba nzuri na zawadi ya saa ya ukutani. Saa ya ukutani kwa mtu asiyeona! Jamani, kuna watu wana akili zao. Mimi sikutaka akae nyumbani anasikiliza milango ya majirani, nikamleta dukani kwangu. Duka lenyewe ni chumba kimoja tu: mashine ya fotokopi karibu na mlango, kaunta ya mbao niliyoipaka rangi mwenyewe, na huko ndani meza ya kompyuta na printa ya kizamani, ya utepe, ambayo ikianza kazi lazima upaze sauti ndipo usikike. Siitupi kwa sababu inatoa nakala za kaboni, na wenye maduka wa mtaa huu wanazipenda nakala za kaboni kuliko wanavyowapenda wateja wao.

Tukajipangia utaratibu. Mteja anakuja na karatasi aliyoiandika kwa mkono, anavuta stuli, anamsomea Muhtasi, Muhtasi anachapa. Asiye na karatasi anasema tu yaliyo moyoni, na Muhtasi anayapanga mpaka yanakuwa barua ya kueleweka. Kisha nakuja mimi, nainama juu ya bega lake, napitia mstari kwa mstari kwenye skrini, nasahihisha, nachapisha. Maana vidole hata viwe hodari vipi huteleza, na asiyeweza kusoma alichochapa hawezi kukikabidhi kwa mtu. Kompyuta ile ilikuwa na sauti ya kusoma skrini, sikatai, lakini ilikuwa ya kigeni, inasoma Kiswahili kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Muhtasi aliisikiliza siku moja ikisoma barua ya kuomba kazi, akaizima, akasema afadhali kelele za fotokopi.

Mimi nikaona mambo shwari. Kazi inakwenda, dada yangu yuko karibu yangu, nataka nini zaidi? Kumbe mwenzangu ana lake moyoni. Shida ya Muhtasi ni kwamba halalamiki. Akikasirika hukaa kimya na kuzipanga klipu za karatasi kwa ukubwa.

Asubuhi moja akaja mwanamke mwenye sare za uuguzi, duka likiwa halina mtu. Akavuta stuli hadi karibu kabisa na Muhtasi, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba amemchagua yeye makusudi. Alikuwa na barua nzito ya kuandika, na hakutaka mtu amtazame usoni wakati anaisema. Muhtasi akasogeza kibodi. Ndipo yule mwanamke akageuka kunitazama mimi, akauliza kama na mimi nitakuwepo. Nikamjibu kwa haraka zangu kwamba asijali, mimi nitaisoma tu mwishoni kutafuta makosa. Akaomba radhi, akachukua mkoba wake, akaondoka.

Klipu zilipangwa mpaka wakati wa chakula. Nikamwuliza dada kuna nini, akasema hakuna kitu. Nikamwuliza tena, maana mimi sijui kuacha.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi si mchapaji tena. Mimi ni mkono wako tu. Kila neno ninaloandika lazima lipite kwanza machoni mwako."

Nikamwambia sina ubaya wowote.

"Najua huna. Ndiyo maana inakuwa vigumu kukuambia."

Nilichoelewa siku ile ni kwamba dada yangu anataka kitu kimoja: achape ukurasa, ausome mwenyewe, aurekebishe mwenyewe, aukabidhi kwa mkono wake, na mimi nisiwemo. Bila hicho, alisema, ataacha kuja dukani. Na Muhtasi hatishii mtu.

Yeye yuko kwenye kundi la watu wasioona, wanatumiana sauti kwenye simu kutwa nzima. Humo ndimo alimosikia habari ya mfumo mmoja wa kompyuta, ule wa bure unaotengenezwa na watu wanaojitolea, kwamba toleo jipya linakuja na sauti ya Kiswahili, iliyorekodiwa na watu wenye Kiswahili chao. Tatizo, toleo lenyewe halijatoka. Lilikuwa bado jikoni. Waliloruhusu ni la majaribio, kwa yeyote mwenye moyo wa kuliweka kwenye kompyuta yake na kuwaambia limeharibu nini.

Nikamwita fundi wetu wa kompyuta, ambaye mtaa mzima unamwita Waya. Akakuna kidevu. Akasema toleo hilo bado bichi, ni la watu wenye kompyuta ya pili ya kuchezea, na sisi tunayo moja, na hiyo moja ndiyo inayotulisha. Nikasema umesikia, dada? Mtu wa kazi yake ameongea. Tusubiri miezi michache litoke likiwa limeiva. Tukagombana kwa mtindo wetu, yaani mimi nikasema sana na yeye akanyamaza sana. Mwisho akafungua mdomo.

"Nimeshasubiri macho," akasema. "Sitasubiri na sauti."

Haya, unamjibu nini mtu kama huyo? Nikampa wiki moja. Ikipita kabla duka halijakaa sawa, Waya anarudisha mfumo wa zamani na habari hiyo haitajwi tena. Akakubali upesi mno, nikahisi nimepunjwa.

Tuliifanya kazi hiyo mchana wa siku ya mapumziko, duka limefungwa. Kazi zote za wateja tulizihamishia kwenye flashi, na flashi nikaivaa shingoni kwa uzi, nikiishika kila mara. Waya alituachia flashi yake yenye toleo jipya, akanionyesha kitufe cha kubonyeza wakati kompyuta inawaka, kisha akaaga. Alisema hataki lawama. Nikamkata jicho akatoka nalo.

Sasa sikia maajabu. Sauti ya kumsaidia asiyeona ilikuwa ndani ya mfumo ambao ni lazima mwenye macho auweke. Hatua zote za mwanzo zilikuwa bubu. Kwa hiyo nikawa namsomea kila kinachotokea: chagua lugha, chagua kibodi, chagua saa za eneo lako. Yeye anasema weka hiki, mimi naweka. Tukafika kwenye ukurasa uliouliza kama tuna uhakika tunataka kufuta kila kitu kilichomo kwenye diski. Hapo nikaacha kusoma. Akauliza kimeandikwa nini. Nikamwambia. Akanyoosha mkono, akakitafuta kitufe mwenyewe, akabonyeza.

Kulikuwa na mstari mdogo wa bluu unaosogea taratibu kuliko foleni ya hospitali. Dada anauliza umefika wapi, namwambia nusu. Baada ya muda anauliza tena, namwambia nusu. Ukafika mwisho. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha, skrini ikawa nyeusi, na nyeusi ikabaki. Nilikuwa nimeshaanza kuyapanga maneno ya kumwambia Waya.

Kikasikika kitu. "Karibu," ikasema sauti ya mwanamume, taratibu, bila haraka. "Andika neno lako la siri."

Muhtasi akaweka mkono mdomoni. Dada yangu hakulia siku daktari alipompa habari. Hakulia siku ya ile saa ya ukutani. Alilia pale, mbele ya kompyuta iliyomkaribisha kwa Kiswahili, na mimi nikalia kwa sababu yeye analia. Alipojifuta, akafungua barua ya zamani, moja ya zile nilizozisahihisha mimi mwenyewe, akaiambia isome. Ikasoma vizuri, tena yote, sauti imenyooka tu kama ya karani wa mahakama. Katikati ya barua, neno moja likajirudia mara mbili. Akaisimamisha, akairudisha, ikajirudia tena. Aligeuza uso upande wangu pole pole. Barua ile ilishakwenda kwa mwenyewe kitambo, na imepigwa mhuri. Alicheka mpaka akashika meza, na sauti ile nikaibatiza Shemeji siku hiyohiyo, kwa kuwa niliona wataelewana sana kwa gharama yangu.

Kulipokucha tukafungua duka kwa mbwembwe. Mteja wa kwanza alikuwa mwenye nyumba anayetaka mkataba wa kupangisha. Muhtasi akachapa, akavaa visikizio, akasikiliza, akarekebisha mahali. Akaniambia kwa fahari chapisha. Nikabonyeza. Printa kimya. Nikabonyeza tena. Nikaizima, nikaiwasha, nikaipiga kofi la ubavuni, nikabonyeza, nikabonyeza. Taa yake inawaka, karatasi imo, utepe umo, lakini imeninunia. Mwenye nyumba akatazama saa.

Siku hiyo na iliyofuata nilikuwa navuka barabara na flashi shingoni kwenda kuchapisha kwa mpinzani wangu, yule bwana mwenye duka lenye kioo. Alinipokea kwa tabasamu ambalo sitalisahau. Akasema leo umenitembelea, karibu sana. Waya naye akaja, mikono nyuma, akaikagua printa, akaikagua kompyuta, akasema yeye alishasema. Nikamwambia afungue mkoba wake arudishe mfumo wa zamani sasa hivi.

"Wiki haijaisha," akasema Muhtasi.

Akaketi kuwaandikia wenye toleo. Walikuwa na ukurasa maalumu wa kupokea malalamiko, na walikuwa wameomba mambo kwa ufupi: ulifanya nini, ulitegemea nini, kimetokea nini. Muhtasi hajui kuandika hivyo. Akaandika barua ya kiofisi. Juu kulia akaweka anwani ya duka na tarehe. Katikati, kwa herufi kubwa, KUH: PRINTA KUGOMA KUFANYA KAZI. Ndugu, tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Kwanza akawajulia hali wao na familia zao. Akawashukuru kwa sauti, akawaeleza imemfanyia nini. Printa yenyewe ilikuja kutajwa aya ya tatu. Akamaliza kwa kutanguliza shukrani. Nilimwambia hawa ni watu wa mitambo, wanataka mistari mitatu. Akanijibu kwamba kumpa mtu shida yako kabla ya kumsalimia ni kumtuma, si kumwomba.

Jibu lilikuja kesho yake, tena kwa Kiswahili. Aliyeandika alikuwa mmoja wa wale waliojitolea kuitengeneza sauti. Naye alianza kwa salamu. Alisema tangu waanze kazi ile hakuna mtu aliyewahi kuwauliza hali, na barua ya Muhtasi wamesomeana. Kisha akauliza: printa imeunganishwa kwa waya gani?

Huo waya wa printa ulikuwa na historia. Printa ni ya enzi zile za plagi pana, kwa hiyo tunatumia kiunganishi nilichokiokota kwenye rundo la vitu vya mitumba, upande mmoja mpana, upande wa pili mwembamba. Muhtasi akauchomoa, akaupapasa kote, akamweleza yule ndugu umbo lake kwa vidole vyake mwenyewe. Mimi nikaongezea namba zilizoandikwa ubavuni, basi.

Maelezo yaliyorudi yalitufanya tutazamane, kama naweza kusema hivyo. Toleo jipya likishajua kwamba mwenye kompyuta haoni, linamtafutia kila msaada. Mojawapo ni zile mashine za nukta nundu, ambazo asiyeona anasoma kwa kupitisha vidole. Kiunganishi chetu cha mitumba kinafanana kwa ndani na kile cha baadhi ya mashine hizo. Basi kompyuta ikaiona printa yetu, ikafurahi, ikaikamata. Tangu siku ile ilikuwa imemshikia Muhtasi, ikidhani ni chombo chake cha kusomea, na haikutaka mtu mwingine aiguse. Nilitaka kuitukana. Halafu nikakumbuka ni nani mwingine humu dukani anayeshikilia kila kitu kwa nia njema, nikafunga mdomo.

Dawa ilikuwa mstari mmoja wa maneno ya kuchapa, wa kuiambia kompyuta iuachie ule waya mpaka wao watakapolitengeneza jambo hilo vizuri. Nikasogea kama kawaida yangu, nikainama. Muhtasi akaweka kiganja kifuani kwangu, akanirudisha nyuma kwa upole. Akavaa visikizio. Akachapa herufi moja moja, Shemeji akimtajia kila moja sikioni, mimi nimekalia mikono yangu. Kwa mara ya kwanza tangu aje dukani sikujua skrini ina nini. Alirudia mstari kuusikiliza tangu mwanzo, akafuta kitu, akaweka kingine. Akabonyeza.

Kisha printa ikaunguruma kama imeamshwa na deni. Ikatoa mkataba wa mwenye nyumba. Ukatoka mwingine. Ukatoka mwingine tena. Kumbe kila nilipobonyeza kwa hasira zangu siku ile, kompyuta ilikuwa inaweka akiba! Mikataba ikamwagika mezani, ikashuka sakafuni, ikatambaa mpaka kwenye fotokopi, na hatukuweza kuizima printa kwa kucheka. Muhtasi alikuwa anazipokea karatasi mikononi, anazipapasa, anasema zote zina haki sawa. Mpinzani wangu alitoka nje ya kioo chake kuja kuona kuna nini.

Wale ndugu waliandika baadaye kwamba kosa hilo wataliondoa kwenye toleo lenyewe, ili wasioona wengine wenye printa za kale wasipate taabu hiyo. Nilipomsomea barua yao, kwa maana ya kwamba alishaisoma mwenyewe na mimi nikachelewa, alisema ni heshima. Wiki ilikwisha na hakuna aliyeitaja.

Tangu hapo kazi ikabadilika. Mteja anavuta stuli, anasema yake, Muhtasi anachapa, anavaa visikizio, anasikiliza, anarekebisha, anachapisha, anakunja, anakabidhi. Mimi niko mlangoni na fotokopi yangu. Mwanzoni shingo ilinivuta yenyewe kuelekea ile skrini. Watu wakaanza kuja wanaoomba kwa sauti za chini, na nikajifunza kukumbuka ghafla kwamba nina jambo huko nje. Nilikuwa nafurahi kwa ajili ya wateja. Nilidhani ni wao tu waliokuwa wanahitaji faragha.

Alasiri moja hakukuwa na mtu. Nilikuwa nafuta vumbi kwenye kaunta. Muhtasi akavaa visikizio, akanyoosha mgongo, akasema, "Mdogo wangu, hebu nipishe kidogo."

Nikatazama mlangoni. Nikatazama barabarani. "Mteja yuko wapi?"

"Mteja ni mimi," akasema.

Nikatoka, nikauvuta mlango nyuma yangu. Nilisimama kwenye kizingiti na kitambaa cha vumbi mkononi. Vidole vyake vikaanza ndani, mbio, vikasimama, vikaanza tena. Hapo ndipo iliponiingia. Tangu macho yake yaondoke, dada yangu hakuwahi kuandika neno lolote la kwake mwenyewe. Si kwa ndugu, si kwa rafiki, si kwa yule mwanamume aliyekuwa akimtafuta zamani na ambaye sisi nyumbani tulikatazwa kumtaja. Mimi nilidhani hana la kusema. Kumbe alikuwa nalo, hakutaka tu lipite kwangu. Iliniuma, sitaki uongo, iliniuma kweli. Na papo hapo nilikuwa na furaha. Barua ile ilikwenda kwa nani sijui mpaka leo, na mimi, ninayeuliza hata bei ya kitu nisichonunua, sijauliza.

Akaja mzee mmoja na karatasi za kutoa nakala, akashika kitasa. Nikamshika mkono.

"Subiri kidogo, baba," nikamwambia. "Kuna mteja ndani."

Akaketi kwenye ngazi, nikaketi kando yake, tukasubiri.